Final Fantasy ilianzia kibandani. Mbona vibanda vyetu vinauza dakika tu?

Jumamosi mchana, kibanda kimoja cha gemu mtaa wa Tuwan, Kitale. Televisheni nne, pedi nane, mbili kati yazo zimeshikwa na raba, na vijana kama kumi na watano wanaoshangilia mpira wa kwenye skrini utadhani wako uwanjani. Mechi moja shilingi 20. Ukifungwa unampisha mwenzako, ukishinda unabaki hadi mtu akutoe. Mwenye kibanda hahitaji saa ukutani, mechi ndiyo saa yake.

Kwenye kona, juu ya kreti ya soda, ameketi kijana wa miaka kumi na saba hivi ambaye hajalipia mechi yoyote. Amekuja kuchaji simu. Kioo cha simu kimepasuka pembeni, lakini bado kinaonyesha vizuri, na anachocheza ni Final Fantasy VII, gemu iliyotoka Japan Januari 1997, kabla yeye hajazaliwa. Anaicheza kwa programu inayoifanya simu ijifanye PlayStation ya kwanza. Nikamuuliza amefika wapi.

"Saa thelathini na moja," akasema bila kuinua macho. Hakunitajia mji wala adui. Alinitajia saa.

Mwenye kibanda akacheka. "Huyo akihamia kwa TV yangu nafunga biashara, bro. Mtu mmoja, gemu moja, wiki mbili!"

Nimekuwa nikiyawaza maneno hayo tangu siku hiyo. Tunalalamika kila mara kwamba vijana wetu wanacheza tu gemu za wengine na hawatengenezi zao. Wazazi wanalaumu vibanda, wanaharakati wa teknolojia wanalaumu shule, na serikali inatuahidi intaneti. Lakini sentensi ya yule jamaa wa Tuwan inaeleza mengi kuliko hayo yote, na ukiifuata historia ya gemu aliyokuwa nayo yule kijana mkononi, utaona kwa nini.

Kwa wasiojua, Final Fantasy si hadithi moja. Ni mfululizo wa gemu kuu kumi na sita, ukiacha vitawi vyake, na karibu kila moja ina dunia yake, watu wake na mwisho wake. Vinavyorudi ni vitu vidogo vidogo: chocobo, ndege mkubwa wa manjano anayepandwa kama farasi, fuwele zinazoshikilia dunia, fundi mmoja ambaye kila mara anaitwa Cid, na mijitu unayoiita ije ikusaidie vita vikikuzidi. Mmoja wa mijitu hiyo ni wa moto, jina lake Ifrit. Litamke polepole. Ni afriti, yuleyule wa hadithi tulizosimuliwa. Neno la Kiarabu lilifika kwetu kupitia pwani, likafika Tokyo kwa njia nyingine, na sasa limerudi Kitale ndani ya simu.

Gemu za aina hii huitwa RPG. Unaongoza kikundi kidogo cha watu, unatembea kijiji hadi kijiji, unaongea na kila unayekutana naye, unapigana, unapanda levo, unanunua upanga mzuri kidogo kuliko ule wa jana. Haziishi kwa dakika kumi. Saa 40 ni kawaida, na kuna watu hufika 80 na bado wanazunguka wakitafuta siri. Kwa hivyo lazima usevu. Bila mahali pa kuhifadhi ulipofikia, RPG haipo.

Sasa twende Yokohama, mwaka wa 1983.

Kulikuwa na kampuni iliyoitwa Den-Yu-Sha, kazi yake kujenga laini za umeme. Ndiyo, watu wa nguzo na waya, kama wale tunaowapigia simu stima zikipotea. Mtoto wa mwenye kampuni, Masafumi Miyamoto, hakuvutiwa na nguzo. Alianzisha kitengo cha programu za kompyuta ndani ya biashara ya babake, akakiita Square. Tatizo lake likawa moja: hakuna aliyejua kutengeneza gemu. Basi akafungua mahali katika mtaa wa Hiyoshi, karibu na Chuo Kikuu cha Keio, akaweka kompyuta, akaacha wanafunzi waingie wazitumie. Fikiria saiba, ila mwenye saiba anakuangalia unachofanya na kompyuta, na ukiwa mkali anakupa kibarua.

Kati ya vijana waliopitia mlango huo ni Hironobu Sakaguchi na Hiromichi Tanaka, wanafunzi wa chuo ambao baadaye waliacha masomo kabisa. Nobuo Uematsu, mtunzi wa muziki, alikuwa akifanya kazi katika duka la kukodisha muziki pale jirani. Mtu mmoja wa Square akamuuliza kama angeweza kutungia gemu nyimbo. Leo muziki wake unapigwa na okestra kubwa duniani na watu wananunua tiketi.

Sitaki kuipamba hadithi hii. Japan ya 1983 haikuwa Kitale. Nintendo ilitoa mashine yake ya Famicom mwaka huohuo, watu walikuwa na pesa za kuinunua, na baba mwenye kampuni si kitu kidogo. Wengi wetu hatuna baba wa hivyo. Hata hivyo, angalia mpango wenyewe ulivyokuwa: chumba chenye mashine, vijana wasio na kazi maalum, na mtu mmoja aliyekubali wakae muda mrefu bila kuwauliza kila dakika wameingiza ngapi.

Na kwa miaka kadhaa hawakuingiza cha maana. Gemu za mwanzo za Square hazikutikisa. Mei 27, 1986, kampuni pinzani ya Enix ilitoa Dragon Quest ya Yuji Horii, michoro ikiwa ya Akira Toriyama, yule wa Dragon Ball aliyefariki Machi 2024, na Japan nzima ikaingia wazimu wa RPG. Hapo ndipo Sakaguchi aliporuhusiwa kutengeneza ya kwake. Kuna hadithi maarufu kwamba aliiita "Final" kwa sababu ilikuwa karata yake ya mwisho: ikianguka, anarudi chuoni. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba walitaka jina lolote lenye herufi F mbili, na chaguo la kwanza, Fighting Fantasy, lilikuwa limeshachukuliwa. Zote mbili zinaweza kuwa kweli. Mtu anaweza kuwa amefulia na bado akachagua jina kwa sababu linasikika poa.

Final Fantasy ya kwanza ilitoka Desemba 18, 1987. Gemu nzima, na dunia yake yote, milima, bahari, mapango na mazimwi, iliingia kwenye kilobaiti 256. Picha moja ya selfi kwenye simu yako ni kubwa kuliko hiyo. Aliyeandika kodi si Mjapani bali Nasir Gebelli, mzaliwa wa Iran aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Viza yake ya kufanya kazi Japan ilipoisha wakati wa gemu zilizofuata, Square haikutafuta mtu mwingine. Ilibeba vifaa na wafanyakazi ikamfuata Sacramento, California, kazi ikamalizikia huko. Kwa kijana wa Bungoma ambaye kila fomu ya viza humpa jasho, hicho ndicho kipande kitamu zaidi cha hadithi yote: kuna siku kampuni ilisafiri kumfuata mtu.

Desemba 2027 mfululizo huu utafikisha miaka 40.

Sisi huku tuliingia katikati ya hadithi, tena kwa mlango wa nyuma. Square ilikuwa na Nintendo kwa gemu sita za kwanza. Ya saba ikawashinda kuibana kwenye kaseti, kwa hivyo wakahamia PlayStation ya Sony, iliyotumia CD. Final Fantasy VII ikatoka kwa CD tatu, ikauza zaidi ya nakala milioni 10. Bila uamuzi huo wa CD, sidhani kama mtu wa Kanduyi angewahi kuisikia. Kaseti ya Nintendo ilikuwa ghali na haikuigwa kirahisi. CD ilichomwa. Ilichomwa Nairobi, ikapanda basi la usiku, ikauzwa kando ya barabara ndani ya karatasi ya nailoni, jalada likiwa fotokopi iliyofifia.

Mimi nilinunua yangu Bungoma nikiwa darasa la saba, kwa pesa za kuuza chupa. Muuzaji aliniapia ni gemu nzima. Ilikuwa CD ya kwanza kati ya tatu. Wanaoijua gemu hiyo wanajua CD ya kwanza inaishia wapi: Aeris, msichana muuza maua ambaye umesafiri naye muda wote huo, anauawa akiwa amepiga magoti akisali. Kisha skrini inakuambia uweke CD ya pili. Nilikaa miaka minane nikijua jinsi alivyokufa bila kujua kama kifo chake kilisaidia chochote. Nilirudi kwa yule muuzaji mara tatu. Mara ya tatu akaniuzia CD ya mieleka.

Isitoshe, hata ungezipata zote tatu, ungesevu wapi? Memori kadi ilikuwa bei ya juu, na ile ya kibandani ilikuwa ya kila mtu. Unafika Jumatano unakuta mtu amefuta saa zako kumi na mbili ili asevu ligi yake ya mpira. Hapo ndipo wengi wetu tulipoachana na RPG. Tulizipenda, ila hatukuwa na mahali pa kuziweka. Mpira na ngumi havikuhitaji kadi. Si ajabu kwamba Mkenya aliyetajwa sana kimataifa katika gemu za mashindano, Sylvia Gathoni maarufu kama QueenArrow, alijitokeza kupitia Tekken, gemu ya ngumi ambayo pambano lake linaisha kwa dakika chache. Ni fahari yetu na hakuna anayempokonya. Nasema tu kwamba kibanda hukuza kile kinachoingia kwenye bei yake.

Kuna jambo lingine kuhusu Final Fantasy VII ambalo mtu aliyekulia Bungoma halikosi. Hadithi inaanzia Midgar, jiji linalotawaliwa na kampuni ya umeme iitwayo Shinra. Kampuni inafyonza uhai wa ardhi na kuugeuza kuwa stima. Matajiri wanaishi juu kwenye sahani ya chuma, maskini wako chini yake, hawaoni jua, na udongo wao haumei kitu. Lakini wanaichukia kampuni na kuitegemea kwa wakati mmoja, maana ndiyo inayowasha taa.

Sasa panda matatu ya Kitale kwenda Webuye, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu. Waulize abiria wa umri wa makamo kuhusu kiwanda cha karatasi cha Pan Paper. Kilianza uzalishaji katika miaka ya sabini. Kwa miaka mingi ungejua umekaribia Webuye hata ukiwa umefumba macho, kwa harufu tu, na wakazi walilalamika kwamba moshi unakula mabati ya nyumba zao na kuwaumiza kifua. Kiwanda kilipofungwa mwaka wa 2009, hewa ikawa safi na mji ukafa njaa. Nyumba za kupanga zikabaki tupu, hoteli zikafunga. Baadaye kilinunuliwa na kundi la Rai na kufufuliwa, na waliofurahi kuona moshi tena ni walewale waliokuwa wakilalamikia mabati.

Hakuna mwandishi wa Square aliyewahi kuisikia Webuye, lakini wale masela tuliocheza CD ya kwanza tu tuliielewa Shinra bila kufundishwa. Wenzetu wa Marekani waliandika makala ndefu kwenye magazeti wakiichambua. Sisi tulisema tu: hii ni Webuye.

Si kwamba Square walipanda tu. Mwaka wa 2001 Sakaguchi aliongoza filamu ya kompyuta, Final Fantasy: The Spirits Within, iliyogharimu zaidi ya dola milioni 130 na kuambulia takriban milioni 85 kwenye kumbi za sinema. Hasara hiyo iliitikisa kampuni. Aprili 2003 Square iliungana na Enix, hasimu wake wa Dragon Quest. Hebu waza Gor na AFC wakiwa timu moja. Sakaguchi, baba wa mfululizo wote, aliondoka akaanzisha studio yake.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha 2010. Final Fantasy XIV, ya kuchezwa mtandaoni, ilitoka ikiwa mbovu kiasi kwamba kampuni iliomba radhi. Wakamkabidhi Naoki Yoshida. Angeweza kuizima kimya kimya. Badala yake, timu yake iliendelea kuirekebisha ile mbovu huku ikijenga mpya pembeni, na Novemba 2012 wakaiangamiza dunia ya zamani ndani ya hadithi yenyewe: mwezi mwekundu ukaanguka, zimwi likatoka ndani yake, likachoma kila kitu mbele ya macho ya wachezaji. Agosti 2013 gemu ikarudi upya, na hadi leo ni moja ya zinazoiingizia kampuni pesa nyingi. Mtu alipewa miaka karibu mitatu kutengeneza kosa la mwingine. Hapa kwetu, mradi ukikwama miezi sita, bango linang'olewa na hakuna anayejua kompyuta zilienda wapi.

Yoshida huyohuyo alizua mjadala mwaka wa 2022. Alipoulizwa na IGN kwa nini Final Fantasy XVI haikuonyesha watu weusi, alijibu kwamba dunia ya gemu hiyo imejengwa juu ya Ulaya ya zama za kati, mahali palipojitenga. Wengi walikasirika, nami nilikasirika kidogo, hasa nikikumbuka kwamba miaka 25 nyuma mfululizo huohuo ulikuwa na Barret, jitu jeusi lenye bunduki badala ya mkono, anayelea binti asiye wake. Kisha hasira ikaisha. Yule jamaa anatengeneza dunia anayoiwaza yeye. Kumdai atuwazie yetu ni kama kuagiza mursik Tokyo.

Na yetu ipo, tena tele. Kila mtoto wa Kibukusu amesikia habari za Mango. Kulikuwa na nyoka wa kutisha, Khururwe Yabebe, aliyeishi pangoni na kumaliza watu na mifugo. Mango akaenda peke yake, akajibana penye mlango wa pango na silaha yake, akangoja, na nyoka alipotoa kichwa akakikata. Kwa ushujaa huo akapashwa tohara, na ndiyo maana, wazee wanasema, Wabukusu wanatahiri hadi leo. Kila mwaka wa shufwa, Agosti ikifika, utaona wavulana barabarani wakipiga njuga, wakienda kwa jamaa mmoja hadi mwingine kuwaalika. Kwa mjomba upande wa mama wanavishwa shingoni kipande cha nyama ya ng'ombe. Alfajiri ya siku yenyewe wanaenda mtoni kupakwa udongo. Nikimsimulia mchezaji wa RPG utaratibu huo bila kutaja kabila, ataniuliza gemu hiyo inapatikana wapi.

Upande wa Kitale kuna Mlima Elgon, na ndani yake pango la Kitum, linaloingia mwambani kwa takriban mita 200. Usiku ndovu huingia humo gizani, wakipapasa njia kwa mikonga, wakachimba chumvi ukutani kwa pembe. Hakuna mbunifu wa Japan aliyebuni kitu kama hicho. Juu ya Webuye kuna Chetambe, ngome ya Wabukusu iliyozungukwa na handaki, ambako mwaka wa 1895 watu walipigana na jeshi la Waingereza lenye bunduki za rasharasha.

Ila hapa nataka kuweka breki. Kuna watu wakisikia hivi wanakimbilia kusema tutengeneze "Final Fantasy ya Kibukusu", kana kwamba gemu ni jumba la makumbusho lenye pedi. Wajapani hawakufanya hivyo. Walichukua afriti kwa Waarabu, Odin kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, Shiva kwa Wahindi, kanuni za vita kwa gemu za Wamarekani, wakachanganya bila aibu. Kijana wa Chwele ana haki ya kutengeneza gemu ya maroboti mwezini akitaka. Mango hatamlaumu.

Wapo Waafrika waliojaribu, na safari zao zinafundisha kuliko hotuba. Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka wa 2007, gemu ya msichana anayesaka vitu vya kale vya Afrika, wakati ambapo hata kupata kompyuta ya kuiendesha ilikuwa kazi. Kisha akaungana na Eyram Tawia wa Ghana wakaunda studio ya Leti Arts. Kule Cameroon, Olivier Madiba alianza kuiwaza Aurion mwaka wa 2003 akiwa mwanafunzi. Hiyo ni RPG kamili ya Kiafrika, inayoonyesha wazi kwamba mwenyewe alikulia kwa gemu za Kijapani. Studio yake, Kiro'o Games, ilifunguliwa Yaoundé 2013. Ikachangisha karibu yuro 50,000 mtandaoni na pesa nyingine kutoka kwa wawekezaji wadogo wadogo, na gemu ikatoka Aprili 2016. Piga hesabu: miaka kumi na mitatu.

Nani atamlipia kijana wa Kitale miaka kumi na mitatu? Hata miwili?

Turudi basi kwa serikali. Kenya Kwanza iliingia mamlakani 2022 ikiahidi kilomita 100,000 za nyaya za faiba, Wi-Fi ya bure katika maeneo 25,000, na vituo 1,450 vya kidijitali, yaani kimoja kwa kila wadi. Siupingi mpango huu. Kituo chenye kompyuta na intaneti Kiminini au Kimilili ni jambo kubwa. Lakini sikiliza kazi vijana wanazoambiwa wakazifanye humo: kunakili sauti kwa maandishi, kujaza data, kuweka alama kwenye picha ili mashine za ng'ambo zijifunze. Kunakili sauti hulipwa kwa dakika ya sauti. Data hulipwa kwa kipande. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu wa mtandaoni ili ChatGPT isiuteme. Kazi ni kazi, na mwenye kodi ya nyumba hachagui. Ila huo ni uchumi uleule wa mechi ya shilingi 20. Umebadilishiwa kiti tu.

Hiyoshi kilikuwa chumba cha aina nyingine. Mashine zilikuwa za kuchezea na kujaribia, na aliyezifungua alikuwa akitafuta watu, hakuwa akitafuta dakika. Ningependa kuona kituo kimoja tu cha wadi, Bungoma au Trans Nzoia, kikitenga kompyuta tano kuanzia saa kumi na moja jioni kwa vijana wanaotengeneza kitu kirefu: gemu, katuni, chochote kisichoisha wiki hii. Programu za kutengenezea gemu kama Godot ni za bure. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko palepale Bungoma na kinafunza teknolojia ya habari, na Kitale kuna taasisi ya kitaifa ya kiufundi. Tangu 2022 hata shule zina mtaala wa kodi ulioidhinishwa na KICD. Kinachokosekana ni folda yako kukaa kwenye mashine hiyo hadi kesho bila mtu kuifuta. Kwa kweli ni shida ileile ya memori kadi.

Halafu kuna soko. Sony haijafungulia Kenya rasmi duka lake la PlayStation mtandaoni, kwa hivyo watu wetu wanafungua akaunti wakijifanya wako Afrika Kusini au Marekani. Mtu anayetaka kulipia gemu kihalali analazimika kudanganya anakoishi! Kwa upande mwingine, sheria ya fedha ya 2023 ilianza kukata asilimia 5 ya mapato ya wabunifu wa kidijitali, baada ya pendekezo la kwanza la asilimia 15 kupigiwa kelele. Kodi tulipe, sawa. Ila serikali imeanza kuvuna shamba ambalo haijapanda hata jembe.

Nilimweleza mwenye kibanda wa Tuwan habari za Hiyoshi. Alisikiliza vizuri, akauliza huyo Miyamoto alikuwa akilipa kodi ya chumba na nini. Nikamwambia, na biashara ya babake. "Basi," akasema, na akageuka kudai shilingi 20 za mtu. Hana kosa. Hata hivyo aliniambia kitu ambacho sikutarajia: siku za wiki asubuhi, wakati watoto wako shule, TV zote nne ziko bure hadi saa nane. Anazizima kuokoa tokeni za stima. Sijui kama kuna mtu katika ofisi yoyote ya kaunti amewahi kumuuliza saa hizo zingegharimu ngapi. Nilifanya hesabu naye pale pale: stima, kiti na chai, ikawa chini ya mia mbili kwa siku.

Yule kijana wa kwenye kreti alikuwa amefika saa thelathini na mbili. Akaniuliza kama nishawahi kuimaliza. Nikamwambia nilimaliza nikiwa mtu mzima, kwa kompyuta ya rafiki. Akauliza kama Aeris anarudi baadaye. Nikakataa kumjibu. CD zote tatu ziko ndani ya faili moja kwenye simu yake, atajionea mwenyewe.